Tunda Lina Umri: Uhakiki wa Michoro ya Maua na Matunda ya Afrika Mashariki kwa Jicho la Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki michoro ya mimea ya Afrika Mashariki iliyochorwa kwa wino na kwa rangi ya maji, na kupima ni kwa kiasi gani michoro hiyo inaweza kuihudumia lugha ya Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba michoro ya kisayansi tuliyoirithi humwonyesha mtazamaji mmea katika hatua moja inayofaa kuutambua, ilhali Kiswahili huyapa matunda majina kwa kufuata umri na matumizi yake. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya msamiati wetu wa matunda na maua haina picha, na mzungumzaji anayejifunza Kiswahili mbali na pwani huupokea msamiati huo ukiwa mtupu. Kwa kutumia mifano ya mnazi, mkarafuu, mgomba na mkilua, makala inaeleza kile ambacho wino, rangi ya maji na penseli za rangi vinaweza kukionyesha, inabainisha mipaka yake, na inapendekeza mwelekeo wa sera ya michoro katika kamusi na vitabu vya kiada.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Kabale, Gitega au Goma hufundishwa kwamba dafu ni nazi changa yenye maji ya kunywa, na kwamba koroma ni tunda lililokwisha kupita udafu bila kufikia unazi. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hajawahi kusimama chini ya mnazi, neno moja limeelezwa kwa neno jingine asilolijua, na hilo la pili kwa la tatu. Mwanafunzi huyo huyakariri, huyaandika katika mtihani na hupata alama zake, lakini hana kitu cha kuyashikiza maneno hayo akilini.

Tatizo hili huchukuliwa kuwa la istilahi, na dawa yake hutafutwa katika fasili bora zaidi. Makala hii inalitazama kama tatizo la picha. Lugha inayovuka mipaka hubeba majina ya vitu ambavyo havikuvuka pamoja nayo. Kiswahili sasa ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa kukifanya lugha rasmi na kukifundisha shuleni. Kwa hiyo swali la jinsi maneno ya pwani yatakavyoeleweka katika nyanda za juu za Maziwa Makuu limekuwa swali la kisera, linalomhusu mwandishi wa vitabu, mchoraji na mtunga mitaala.

Eneo letu si maskini wa michoro ya mimea. Kwa zaidi ya karne moja na nusu mimea yake imekusanywa, imekaushwa, imechorwa na kuchapishwa. Kinachohitaji kuhakikiwa ni namna michoro hiyo inavyotazama, na ni nani aliyekusudiwa kuitazama.

2. Vifaa vitatu na uchaguzi wa mchoraji

Ni rahisi kudhani kwamba wino, rangi ya maji na penseli za rangi ni njia tatu za kufikia picha ileile. Kila kifaa kina tabia yake, na tabia hiyo huamua sehemu gani ya mmea itaonekana na sehemu gani itanyamaziwa.

Wino hauna rangi ya kijani wala ya manjano. Una mstari na vitone. Mchoraji wa wino hulazimika kuamua jani linaishia wapi, mshipa unaanzia wapi, na nywele ndogo za kikonyo zimelala au zimesimama. Kivuli hujengwa kwa vitone vinavyosongamana au mistari inayokaribiana, na kwa desturi mwanga huja kutoka upande wa juu kushoto ili msomaji asipotee anapohama kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine. Wino hulazimisha uamuzi. Hauruhusu mchoraji kuficha shaka ndani ya ukungu wa rangi. Ndiyo maana wanasayansi wameupenda. Aidha, mchoro wa mstari huchapishwa kwa gharama ndogo, na hata ukitolewa nakala mara nyingi hubaki ukisomeka.

Rangi ya maji hufanya kazi kwa uwazi. Weupe wake ni weupe wa karatasi yenyewe, na kila tabaka linalopakwa huacha tabaka la chini lionekane kwa kiasi. Kwa sababu hiyo inafaa kuliko vifaa vingine kwa vitu vinavyopitisha mwanga: petali, ganda la zabibu, nyama laini ya dafu. Inafaa pia kwa rangi inayohama, kama pale embe linapotoka kijani kwenda manjano bila mpaka unaoweza kuoneshwa kwa kidole. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya rangi, hasa za waridi na zambarau zinazopendwa na wachoraji wa maua, hufifia zikikaa kwenye mwanga, na karatasi yake huota ukungu katika unyevu wa pwani.

Penseli za rangi hushikamanishwa kwa nta au mafuta. Hujenga uso wa kitu taratibu, msuguano juu ya msuguano, na kwa hiyo huonyesha vizuri mambo ambayo brashi huyapita haraka: miiba butu ya fenesi, vumbi la ubuyu, nyuzi za kumbi. Hazihitaji maji wala meza maalumu, hubebeka, na mtoto wa shule anaweza kuzitumia. Zikitangulia brashi, nta yake huyakataa maji. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kuvitumia vifaa vyote vitatu katika karatasi moja huanza na wino usioyeyuka kwa maji, akasubiri ukauke, akapaka rangi ya maji, akasubiri tena, kisha akamalizia na penseli. Mfuatano huu si wa kiufundi tu. Mchoraji hutangulia kuamua umbo, akafuata rangi, akaishia na mguso.

3. Wino na mmea uliokauka

Kazi kubwa kuliko zote ya mimea ya eneo hili ni Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, chini ya uongozi wa bustani ya Kew nchini Uingereza. Inahusu Uganda, Kenya na Tanzania, na inaeleza zaidi ya spishi 12,000 za mimea. Ni vigumu kutaja mradi mwingine wa kitaalamu uliozishughulikia nchi hizi tatu kama eneo moja kwa muda wa miaka 60, kabla ya uhuru na baada yake.

Michoro ya kazi hiyo ni ya wino. Ukurasa wa kawaida wa mchoro una tawi lenye majani na maua, na kulizunguka kuna sehemu ndogondogo zilizokuzwa: ua lililopasuliwa, stameni moja, ovari iliyokatwa, mbegu. Kila sehemu ina namba na kipimo chake, na maelezo ya chini hutaja ni sampuli ya nani iliyochorwa. Mara nyingi sampuli hiyo ni mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu. Kazi ya mchoraji ni kuurudishia uhai wa umbo mmea uliolazwa, kukunjua petali iliyosinyaa na kukisia kuinama kwa kikonyo. Kwa kipimo cha ustadi, kurasa hizi zinastahili heshima. Hazina mstari wa pambo, na kila kilichomo kimo kwa sababu.

Nidhamu hiyohiyo ndiyo mpaka wake. Mchoro wa namna hii haumchori mti fulani wa mahali fulani, unaichora spishi. Hatua za maisha ya mmea hukusanywa katika ukurasa mmoja kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kama hatua hiyo inasaidia kutofautisha spishi hii na jirani yake. Ua lililofunguka huingia kwa sababu stameni zake ni ushahidi. Tunda lililokomaa huingia kwa sababu mbegu yake ni ushahidi. Tunda lililo njiani, ambalo bado halijakomaa lakini tayari lina jina, bei na kazi jikoni, halina cha kumwambia mwanabotania, na mara nyingi halichorwi.

Jambo la pili ni lugha. Kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na Kilatini ndiyo lugha ya majina yake. Haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa kitabu cha Kiswahili. Hata hivyo, wataalamu waliofanya kazi katika eneo hili waliujua vyema umuhimu wa majina ya wenyeji. P. J. Greenway, mwanabotania wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kutoka Kiswahili kwenda majina ya kibotania na Kiingereza. Lakini kamusi ile ni kazi ya majina, si ya picha, na kazi za picha ni za Kilatini. Majina yetu na michoro ya mimea yetu vimeishi katika nyumba mbili, na mwanafunzi hujikuta akisimama katikati bila ufunguo wa yoyote.

4. Rangi ya maji: barabarani na katika kilele cha ua

James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kutoka Zanzibar hadi Misri kati ya mwaka 1860 na 1863, alikusanya mimea na kuchora njiani. Ugonjwa wa mguu ulimbakiza Karagwe, katika makao ya mfalme Rumanika, wakati Speke alipotangulia Buganda mapema mwaka 1862. Picha zake za rangi ya maji zinahifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Thamani yake kwa mjadala huu ni kwamba zilifanywa mahali mmea ulipo, mbele ya watu wanaoujua.

Mimea ya msafara ule ilipochapishwa na Jumuiya ya Linnean ya London katika miaka ya 1870, ilipangwa kwa familia za kibotania. Mpangilio wa barabara, kwamba mmea huu ulionekana shambani Unyamwezi na ule kando ya kijito cha Karagwe, uligeuka kuwa maelezo ya pembeni. Sayansi ililazimika kufanya hivyo ili iweze kulinganisha. Mhakiki, hata hivyo, hana budi kuona kilichobadilika: swali la kwanza lilikuwa mmea unapatikana wapi na unafanya nini, na swali la mwisho likawa mmea ni ndugu wa nani.

Karne iliyofuata ilimleta Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa vitabu vyake juu ya simba. Alifika Kenya mwaka 1937, na kabla ya simba alichora maua. Alianza alipokuwa akifuatana katika safari za utafiti na mwanabotania Peter Bally, na mwaka 1947 michoro yake ya maua ilimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Royal Horticultural Society ya Uingereza. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana hazina kubwa ya picha zake.

Kazi ya Adamson inaokoa kile ambacho hebaria hukipoteza. Ua likikaushwa hupoteza rangi kabla ya kupoteza umbo. Zambarau hugeuka hudhurungi, na weupe hugeuka rangi ya chai. Anayechora ua bichi hushindana na saa, kwa kuwa ua la haibiskasi lililochanua asubuhi huwa limejikunja jioni. Rangi ya maji, kwa wepesi wake, ni kifaa cha mashindano hayo. Ndiyo sababu picha za Adamson zina manufaa ya kisayansi na si mapambo ya ukutani pekee.

Lakini hapa napo kuna uchaguzi wa umri. Utamaduni wa picha ya ua, ambao Adamson aliurithi kutoka Ulaya, hulipenda ua katika saa yake bora. Chipukizi huwekwa pembeni kama msindikizaji, na tunda, likiwapo, hukaa chini kama kumbukumbu. Mtazamaji hufundishwa bila kuambiwa kwamba lengo la mmea ni kuchanua. Kwa mkulima wa Pemba, fundisho hilo ni hasara tupu.

5. Umri wa tunda katika Kiswahili

Karafuu ni chipukizi la ua. Huchumwa likiwa limejaa lakini halijafunguka, rangi yake ikianza kutoka kijani kuelekea wekundu. Likifunguka, thamani yake hushuka. Mwanabotania anahitaji ua lililo wazi, kwani ndani yake kuna stameni zinazoutambulisha mmea. Mchumaji anahitaji kujua siku chache zilizotangulia ufungukaji huo. Mchoro ulio bora kwa mmoja ni picha ya uzembe kwa mwingine, na wote wawili wanautazama mti uleule.

Mnazi unaonyesha jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Kiswahili kina mfuatano wa majina unaoanza na kidaka, ukapita kitale, dafu na koroma, hadi kufika nazi. Haya si majina ya aina tano. Ni majina ya tunda moja katika nyakati tano, na kila jina linabeba maarifa. Anayeagiza dafu anaagiza maji na nyama laini inayokwanguliwa kwa kijiko. Anayeagiza nazi anaagiza tui. Kumpa mpishi koroma badala ya nazi ni kumharibia mchuzi.

Sasa tujiulize ni kifaa gani kinaweza kuuchora mfuatano huo. Rangi ya ganda la nje haitoshi, kwa sababu ipo minazi yenye madafu ya kijani na ipo yenye madafu ya manjano. Ukubwa pia hautoshi, kwa kuwa dafu na nazi zinaweza kulingana kwa umbo. Tofauti iko ndani. Kwa hiyo mchoro unaoifaa lugha yetu ungekuwa na matunda matano kwa kipimo kimoja, kila moja likiwa limepasuliwa kati. Wino ungeonyesha unene wa kifuu na wa nyama unavyoongezeka. Rangi ya maji ingeonyesha nyama ikihama kutoka ute unaopitisha mwanga kwenda weupe mzito, na kiasi cha maji kikipungua. Penseli za rangi zingeonyesha kumbi likitoka ubichi kwenda nyuzi kavu. Karatasi moja ya namna hiyo ingemaliza kazi ambayo fasili tano zinazotegemeana haziwezi kuimaliza.

Mgomba unaturudisha katika nchi za jirani, na hapa mzigo unageuka. Katika nazi, pwani ndiyo yenye maneno mengi. Katika ndizi, nyanda za Maziwa Makuu nazo zina utajiri unaokishinda Kiswahili sanifu kinachofundishwa darasani. Mganda hutofautisha matooke ya kupika, mbidde za kutengenezea pombe, gonja za kuchoma, na ndiizi, ambazo kwake ni ndizi ndogo tamu za kula mbivu. Mnyarwanda hatumii neno moja kwa igitoke cha kupika na umuneke wa kula. Mwanafunzi wa Kampala anapofundishwa kwamba matooke kwa Kiswahili ni ndizi, anaambiwa jambo lililo kweli kwa kamusi na la kushangaza kwake, maana katika lugha yake ndiizi ni tunda jingine. Pwani nayo ina mzuzu, kisukari, mkono wa tembo na mengine mengi, lakini majina hayo ni nadra kufika darasani.

Taswira iliyozoeleka ya ndizi, yaani tunda moja la manjano lililopinda, haimsaidii mwanafunzi huyo. Imechagua umri mmoja na aina moja, tena aina ya kula mbivu, na kuifanya iwakilishe zao ambalo kwa mamilioni ya wasemaji ni chakula kikuu kinachopikwa kikiwa kijani. Picha hiyo si ya uongo, ila imechorwa kutoka meza ya mtu mwingine.

6. Mkilua na mpaka wa brashi

Haitakuwa haki kudai kwamba kila kitu kinachorika. Mwaka 1970 mwanabotania Bernard Verdcourt aliitangaza jenasi mpya ya mmea wa pwani ya Kenya na Tanzania, akaiita Mkilua, na spishi yake Mkilua fragrans. Hapa Kiswahili kiliingia katika Kilatini kikiwa na kiambishi chake cha ngeli. Linganisha na ua la Usambara lililopewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa Mjerumani aliyelituma Ulaya. Ua hilo limeenea katika madirisha ya dunia likiwa na jina la mtu huyo, wakati kilua kimebaki pwani na jina lake mwenyewe.

Neno la pili katika jina la mkilua linataja harufu, na jamii ya Waswahili imelipenda ua hilo kwa harufu hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa asumini na mlangilangi. Maarifa ya Waswahili juu ya maua kwa sehemu kubwa ni maarifa ya pua: maua ya kufungwa katika vikuba, ya kutandazwa kitandani, ya kuvaliwa harusini. Hakuna wino wala rangi inayoweza kuyaonyesha hayo. Mchoro wa kilua unaweza kuwa sahihi katika kila mstari na bado ukaliacha nje jambo linalomfanya mtu akipande.

Somo la mhakiki hapa ni la kiasi. Mchoro hautachukua nafasi ya maelezo. Kinachowezekana ni kuonyesha ua mahali linapotumika: kikuba kilichofungwa, pamoja na chipukizi na ua wazi. Mtazamaji hatainusa harufu, lakini ataelewa kwamba ua hili huchumwa ili kuvaliwa, na ataisoma fasili akiwa na swali sahihi.

7. Kuelekea sera ya michoro

Huenda ikasemwa kwamba kamera imekwisha kuitatua shida hii. Picha ya kamera ni ya haraka na nafuu, na kwa baadhi ya kazi, kama kuonyesha ugonjwa shambani, ni bora. Lakini kamera huonyesha tunda moja, siku moja, chini ya mwanga mmoja, pamoja na vivuli vyake na kasoro zake. Mchoraji anaweza kuweka pamoja matunda yasiyopatikana siku moja, kuyapa kipimo kimoja, na kuacha yasiyohusika. Mfuatano wa umri unahitaji uwezo huo wa kuchagua.

Kuna mfano wa serikali iliyolielewa hili. Kuanzia mwaka 1886 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliajiri wachoraji, wengi wao wanawake, kuchora matunda kwa rangi ya maji ili aina mpya zitambuliwe na wakulima wapate habari zake. Kazi iliendelea hadi mwaka 1942, na mkusanyiko wake una picha zaidi ya 7,000, zikiwemo zaidi ya 3,000 za tofaa. Deborah Griscom Passmore peke yake alichora zaidi ya 1,000. Picha nyingi zinaonyesha tunda zima na tunda lililokatwa, na baadhi zinaonyesha matunda yaliyooza au yaliyoliwa na wadudu. Hayo hayakuchorwa kwa ajili ya uzuri. Leo picha hizo zinapatikana kwa umma bila malipo, na zinahifadhi kumbukumbu ya aina ambazo baadhi yake hazipo tena mashambani.

Jambo la kuigwa katika mfano huo ni msimamo kwamba picha ya tunda ni rasilimali ya umma inayostahili bajeti. Kwa mazingira yetu, mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, vyombo vinavyotunga kamusi na vitabu vya kiada vianze na maneno ya umri na matumizi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopungukiwa zaidi na fasili. Nazi, ndizi, embe, karafuu na muhogo vingetosha kuwa majaribio.

Pili, kila ukurasa wa mchoro uandaliwe na watu watatu: mtaalamu wa lugha, mtaalamu wa mimea, na mtu anayelima au kuuza zao hilo. Majina yanatofautiana kutoka mwambao mmoja hadi mwingine, na mchoro una nguvu ya kuganda. Ukitangulia mashauriano, utaifanya lahaja moja kuwa sheria na nyingine kuwa kosa. Panapokuwa na majina mawili, yote mawili yaandikwe. Katika ukurasa wa ndizi, majina ya Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi na lugha nyingine za jirani yakae kando ya yale ya Kiswahili, ili Kiswahili kiweze kuazima pale kinapopungukiwa.

Tatu, vyuo vya ualimu vifundishe uchoraji wa kutazama kwa penseli za rangi na wino. Si lazima kila mwalimu awe msanii. Mwalimu anayeweza kupasua tunda na kulichora mbele ya wanafunzi kwa dakika 20 anafundisha lugha na sayansi kwa pamoja, na kwa gharama ya penseli chache.

Nne, picha za asili zifanywe kwa rangi zisizofifia kwa urahisi na kwa karatasi isiyo na asidi, zihifadhiwe mahali pakavu, zinakiliwe kidijitali pamoja na kipimo cha rangi, na ziachwe huru kwa matumizi ya shule katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchoro uliofungiwa na haki za mchapishaji mmoja utatuacha tulipo.

8. Hitimisho

Michoro ya mimea tuliyoirithi inastahili kusomwa kwa heshima na kwa macho makavu. Kurasa za wino za Flora of Tropical East Africa zimeupa mmea wetu umbo lisilo na shaka; rangi ya maji ya Adamson imeuokoa usipoteze rangi. Kila moja ilijibu swali la wakati wake na la wasomaji wake. Swali la Kiswahili ni jingine: tunda hili limefikia umri gani, linaitwaje katika umri huo, na linafaa kwa kazi gani. Msamiati wa kujibu swali hilo tunao, na baadhi yake uko katika lugha za majirani zetu. Vifaa vya kulichora tunavyo pia, tena si vya ghali. Wanaopanga vitabu vitakavyosomwa Kabale, Gitega na Goma wana nafasi ya kuamua kwamba, kabla ya kumtaka mwanafunzi aeleze tofauti ya dafu na koroma, kitabu chake kimwonyeshe tofauti hiyo.